Kilemba cha Ukoka: Jina, Vazi na Sura katika "Bashi-Bazouk" ya Gérôme

Utangulizi

Waswahili wana usemi wa kumvika mtu kilemba cha ukoka. Kilemba ni vazi la heshima. Ukoka ni nyasi za kulisha mifugo. Anayevikwa kilemba cha namna hiyo husifiwa mbele za watu kwa sifa zisizomfaa kitu, na mara nyingi mwenye kufaidika ni yule anayesifu. Usemi huu wafaa kuwa mlango wa kuingilia katika uhakiki wa mchoro mmoja mashuhuri wa Ulaya ya karne ya 19. Mchoro wenyewe ni wa mtu aliyevikwa kilemba, na sifa anazomiminiwa mtu huyo katika vitabu na majumba ya makumbusho bado hazijamfikia yeye.

Mchoro huo ni "Bashi-Bazouk", kazi ya rangi za mafuta juu ya turubai iliyofanywa na Mfaransa Jean-Léon Gérôme kati ya mwaka 1868 na 1869. Una kimo cha sentimita 80.6 na upana wa sentimita 66, na tangu mwaka 2008 umo katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York. Unaonyesha sehemu ya juu ya mwili wa mtu mweusi aliyevaa vazi la hariri lenye rangi ya waridi iliyofifia. Kichwani amezungushiwa vitambaa vya rangi na nakshi mbalimbali, tabaka juu ya tabaka, vyenye vishada vinavyoning'inia. Macho yake hayamkabili mtazamaji. Nyuma yake hapana mji, hapana farasi, hapana vita. Pana rangi tupu iliyotulia.

Gérôme (1824–1904) hakuwa msanii wa pembeni. Alikuwa mwalimu katika Chuo cha Sanaa cha Paris, na mwaka 1863 alimwoa binti wa Adolphe Goupil, mfanyabiashara mkubwa wa picha aliyeuza kazi zake na kuzisambaza kwa nakala za chapa. Kwa hiyo jinsi alivyowachora watu wa Misri, Uturuki na Uarabuni ndivyo walivyofahamika na maelfu ya watu wa Ulaya na Marekani ambao hawakupata kufika huko.

Kuhusu michoro ya aina hii, wahakiki wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lafuata njia iliyofunguliwa na Edward Said katika kitabu chake cha mwaka 1978 juu ya Umashariki, yaani ule utaratibu wa fikra ambao kwao Ulaya ilijiundia Mashariki ya kutawaliwa. Toleo moja linalojulikana sana la kitabu hicho lilibeba jaladani mchoro mwingine wa Gérôme, ule wa mchezesha nyoka. Mwaka 1983 Linda Nochlin aliiingiza hoja hiyo katika uhakiki wa sanaa za uchoraji. Kundi la pili ni la wapenzi wa ufundi, ambao huutazama mchoro kama huu na kusifu hariri ilivyong'aa na mtu alivyokaa kwa hadhi. Makala haya yanadai kwamba makundi yote mawili, pamoja na uhasama wao, huishia kwenye vazi. La kwanza lalilaani, la pili lalisifu. Aliyelivaa hubaki amesimama pale pale, hajaulizwa alikuwa akifanya nini. Jibu la swali hilo si gumu: alikuwa kazini.

Jina

Uhakiki unaotoka katika idara ya lugha hauna budi kuanza na neno. Katika Kituruki, "baş" ni kichwa, na "bozuk" ni kilichoharibika au kuvurugika. Wako wanaolifasiri neno zima kuwa "asiye na kichwa", na wako wanaolifasiri kuwa "aliyevurugika kichwa". Tofauti hiyo si ndogo. Kwa Kiswahili, asiye na kichwa ni mjinga. Lakini watu wasio na kichwa wanaweza pia kuwa watu wasio na mkuu wa kuwaongoza. Maana hii ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na matumizi ya neno hilo katika dola ya Uthmaniya. Mabashi-bazouk walikuwa askari wasio wa jeshi rasmi. Hawakuwa na sare wala mshahara wa kudumu, na waliishi kwa nyara.

Sifa yao huko Ulaya ilikuwa ya kutisha. Katika Vita vya Crimea (1853–1856) Waingereza walijaribu kuwatia baadhi yao katika nidhamu ya kijeshi. Miongoni mwa maofisa waliotumwa kwa kazi hiyo mwaka 1855 alikuwemo Richard Burton, yule yule ambaye wasomaji wa historia ya Afrika Mashariki wanamfahamu kwa safari yake ya mwaka 1857 na 1858 kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika. Mwaka 1876, miaka michache baada ya mchoro huu kukamilika, mauaji yaliyofanywa na askari hao huko Bulgaria yalilifanya jina lao kuwa tusi katika lugha nyingi za Ulaya.

Gérôme alilipenda neno hilo na kulitumia mara kadhaa. Katika Jumba la Makumbusho la Walters, Baltimore, mna mchoro wake wa mwaka 1868 unaomwonyesha bashi-bazouk akiimba na kupiga ala ya nyuzi mbele ya wenzake. Huko, angalau, jina lina kisa cha kulitegemeza: kuna watu na kuna tendo. Katika mchoro wa New York hakuna kisa. Jina limening'inizwa juu ya mtu mmoja aliyetulia, nalo halipati pa kushika.

Hapa ndipo mchoro unapojipinga wenyewe. Kazi inayoitwa "asiye na kichwa" haina kitu kilicho bora kuliko kichwa. Mwanga umeangukia paji la uso na mfupa wa shavu. Weusi wa ngozi haukupakwa kama rangi moja, bali umejengwa kwa vivuli vingi vinavyopokezana. Msanii aliyeyatazama haya yote kwa makini namna hii alijua kwamba mbele yake palikuwa na mtu kamili. Hata hivyo, alipofika mahali pa kuandika jina, aliandika la kundi, tena la kundi ambalo mtu huyo hakuwa mmoja wao.

Yafaa kutofautisha aina mbili za kazi ambazo kwa macho zinafanana. Ipo picha ya mtu, na lipo zoezi la kuchora mtu. Katika picha ya mtu, mchorwa ni tajiri, mtawala au jamaa, na jina lake huandikwa ili vizazi vimjue. Katika zoezi, mchorwa ni mfano wa aina ya watu: mzee, ombaomba, Mwarabu, askari. Wanafunzi wa sanaa hufundishwa kwamba tofauti hiyo ni ya nia ya msanii. Ukweli ni kwamba ni tofauti ya fedha pia. Fedha zinapotoka kwa mchorwa kwenda kwa mchoraji, jina la mchorwa huandikwa. Zinapotoka kwa mchoraji kwenda kwa mchorwa, jina hufutika, kama jina la fundi linavyofutika katika nyumba aliyoijenga.

Vazi

Mapema mwaka 1868 Gérôme alisafiri Mashariki kwa muda wa majuma kumi na mawili hivi. Msafara wake ulipita Misri, Sinai na Petra hadi Jerusalem, ukiwa na wachoraji wenzake na shemeji yake, Albert Goupil, aliyepiga picha za kamera. Alirudi Paris na michoro ya haraka aliyoifanya njiani, na pia nguo na vitambaa alivyovipata huko. Mchoro wa "Bashi-Bazouk" ulifanywa baada ya kurudi. Mtu mweusi aliyekuwa Paris aliitwa katika studio, akavishwa vitambaa hivyo, akachorwa.

Kwa hiyo kila kilichomo ni cha kweli, na jumla yake si ya kweli. Hariri ni hariri halisi ya Mashariki. Mtu ni mtu halisi. Lakini hariri na mtu vilikutanishwa na mwenye studio, na mkutano huo ndio unaotolewa kama ushahidi wa jinsi askari wa Uthmaniya alivyokuwa. Makumbusho yenyewe imekiri kwamba ni vigumu kumfikiria mtu akiingia vitani na vazi laini kama hilo. Askari anayeishi kwa nyara huenda akavaa hariri ya mtu aliyemwibia; lakini hariri hii haina jasho, haina tone la damu, haina mkunjo wa safari. Ilitoka sandukuni ikapanda mwilini.

Hoja ya Nochlin inasaidia sana katika kiwango hiki. Alionyesha kwamba michoro ya aina hii hutawaliwa na mambo yasiyokuwemo. Historia haimo: watu wa Mashariki huonekana kana kwamba hawabadiliki. Mzungu hamo, ingawa jicho lake ndilo linalotazama. Na zaidi ya yote, dalili za kazi ya msanii hazimo. Gérôme alisawazisha rangi mpaka mipigo ya brashi ikapotea, na mtazamaji akasahau kwamba anatazama kitu kilichotengenezwa. Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya watu wa pwani yatosha kuwa muhtasari wa sehemu hiyo ya hoja: ulaini wa chombo juu ya maji huficha misumeno na matezo.

Hata hivyo, wanaomfuata Nochlin bila kupima wana hatari ya kufanya kosa wanalolishutumu. Akisema kwamba mtu aliye katika mchoro ni "Mashariki iliyobuniwa na Ulaya", halafu akafunga daftari lake, mhakiki amemfanya mtu huyo kuwa wazo kwa mara ya pili. Gérôme alimfanya kuwa bashi-bazouk; mhakiki amemfanya kuwa mfano wa ubeberu. Katika hali zote mbili vazi ndilo linalosema, na mwili uliolibeba ni kigingi cha kutundikia nguo.

Sura

Nini basi kinachobaki vazi likivuliwa na jina likiwekwa kando? Kinabaki kitendo kimoja ambacho hakihitaji kubuniwa, kwa maana mchoro wenyewe ni matokeo yake. Mtu huyu alitulia. Ufundi wa Gérôme, unaotaka kila kivuli kiwe mahali pake, hauwezekani bila mchorwa anayeweza kushika mkao mmoja kwa muda mrefu, akapumzika, kisha akarudi katika mkao ule ule: kidevu kile kile, bega lile lile. Katika Paris ya karne ya 19 hiyo ilikuwa kazi ya ujira, na waliokuwepo kuifanya walikuwa maskini wa mji, wahamiaji, na watu weusi wachache. Utumwa ulikuwa umefutwa katika makoloni ya Ufaransa mwaka 1848, miaka ishirini tu kabla ya safari ya Gérôme.

Kinyume kilichomo hapa ni kikubwa kuliko kile cha kichwa na asiye na kichwa. Bashi-bazouk ni mtu wa vurugu asiyelipwa mshahara. Mchorwa ni mtu wa utulivu anayelipwa kwa utulivu wake. Aliyeombwa aigize fujo ndiye aliyetakiwa awe na nidhamu kuliko wote waliokuwemo chumbani, kwa kuwa mchoraji aliweza kusogea, kurudi nyuma, na kunyosha mkono, lakini yeye hakuweza. Kile kinachoitwa "hadhi" na wapenzi wa ufundi, na ambacho wengine wangekiona kama huzuni ya shujaa wa Mashariki, chaweza kusomwa kwa maana iliyo karibu zaidi: ni subira ya mfanyakazi aliye katikati ya kazi. Macho yanayotazama kando ni macho ya mtu ambaye akili yake i huru kwenda itakako, maadamu shingo haisogei.

Huenda mtu akapinga kwamba usomaji huu nao ni kilemba kingine: kwamba wale wa kwanza walimvika ushujaa, na sasa anavikwa utabaka wa kimaskini. Pingamizi hilo ni la haki na lastahili jibu. Tofauti iko katika ushahidi. Ushujaa haukutokea popote ila katika jina la mchoro. Kazi ya kutulia ilitokea, kwa sababu bila hiyo turubai lisingekuwa na sura. Mhakiki hadai kujua alichokuwa akikiwaza mtu huyu. Anadai tu kwamba alifanya jambo, na kwamba jambo hilo laonekana.

Wala si kweli kwamba wachorwa wa aina hii ni lazima wabaki bila majina. Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo, alifika Ufaransa akiwa kijana, akafanya kazi ya sarakasi, kisha akawa mmoja wa wachorwa waliotafutwa sana mjini Paris. Géricault alimtumia katika mchoro wake mkubwa wa chelezo cha wahanga wa meli ya Medusa, uliooneshwa mwaka 1819, na Chassériau alimchora mwaka 1838. Mwanamke mweusi aliyeshika maua katika "Olympia" ya Manet ya mwaka 1863 aliitwa Laure. Jina lake na mtaa alikoishi viliandikwa katika daftari la mchoraji. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Orsay, Paris, lilifanya maonyesho juu ya wachorwa weusi katika sanaa ya Ufaransa, na kazi kadhaa zikapewa vichwa vipya. Mchoro wa Marie-Guillemine Benoist wa mwaka 1800, uliokuwa ukijulikana kwa rangi ya ngozi ya mwanamke aliyechorwa, ulioneshwa kama picha ya Madeleine. Majina haya yalipatikana kwa sababu kulikuwa na watu waliokwenda kuyatafuta katika madaftari na kumbukumbu. Hayakupatikana kwa kusifu hariri.

Hitimisho

Yafaa kukumbuka kwamba katika miaka hiyo hiyo, upande mwingine wa dunia, ulikuwepo utaratibu mwingine wa kumweka mtu ndani ya kazi ya sanaa. Mnamo mwaka 1858, yaani miaka kumi kabla ya safari ya Gérôme, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Kama ilivyo desturi ya watunzi wengi wa tenzi, alijitaja mwenyewe katika beti za mwisho na kuutaja mwaka wa utunzi. Alikuwa mgonjwa, na alijua kwamba maneno yataishi kuliko mwili. Tenzi na michoro si sanaa moja, na si haki kumdai Mfaransa afuate desturi za Pate. Lakini mwanafunzi aliyelelewa katika fasihi ambamo jina ni sehemu ya kazi ana haki ya kuuliza, mbele ya turubai la Paris, kwa nini lipo jina la aliyeshika brashi peke yake.

Nini cha kufanya, basi? Njia mbili za mkato ziepukwe. Ya kwanza ni kumbunia mtu huyu jina na nasaba. Hata kumwita Mwafrika ni haraka: mtu mweusi wa Paris ya mwaka 1868 aliweza kutoka Senegal, Martinique au Misri, au kuzaliwa Ufaransa kwenyewe. Jina la uongo lililotolewa kwa huruma ni la uongo vile vile. Njia ya pili ni kuacha lile la Kituruki liendelee kana kwamba linaeleza. Mwalimu anayeuleta mchoro huu darasani hapa kwetu anaweza kuwaambia wanafunzi mambo matatu kwa mpangilio huu: kwamba anayeonekana ni mtu aliyefanya kazi ya kuchorwa mjini Paris, kwamba amevishwa nguo zilizoletwa na mchoraji kutoka safarini, na kwamba mchoraji aliipa kazi yake jina la askari wa Uthmaniya. Mpangilio wenyewe una maana. Wa kwanza kutajwa ni mtu, kisha vazi, kisha jina.

Mchoro hautaharibika kwa kuelezwa hivyo. Hariri itabaki kuwa hariri, na ustadi wa Gérôme hauhitaji kukanushwa. Kwa kweli ustadi huo ndio uliohifadhi sura ambayo jina lilikuwa likiificha. Kinachobadilika ni mahali pa kuelekeza sifa. Wapenzi wa sanaa wanaosimama mbele ya turubai hili na kuguswa na utulivu wake hawajakosea kuguswa. Utulivu huo ulikuwa na mwenyewe, naye aliutoa kwa saa nyingi, amevaa kilemba cha watu, ili wengine wasifiwe.